Eksitoni Kwenye Mnyororo wa Elektroni Zinazosukumana

Fotoni ikimezwa na fuwele ya semikonda, elektroni moja hupanda kutoka ukanda wa nishati uliojaa hadi ukanda wa juu ulio mtupu, na ilikotoka hubaki tundu. Tundu hilo hutenda kama chembe yenye chaji chanya. Kwa kuwa elektroni ina chaji hasi, viwili hivyo huvutana, na vikifungamana huishi pamoja kama elektroni na protoni zinavyoishi ndani ya atomu ya haidrojeni. Jozi hiyo ndiyo eksitoni. Kwa jumla haina chaji, hivyo haichangii mkondo wa umeme. Husafirisha nishati ndani ya fuwele mpaka elektroni itakaporudi tunduni, na hapo nishati hutoka kama mwanga au hupotea kama joto.

Yakov Frenkel, mwanafizikia wa Leningrad, alilieleza wazo hilo mwaka 1931, akifikiria jozi iliyobana ndani ya atomu au molekuli moja. Mwaka 1937 Gregory Wannier alieleza jozi pana, ambayo elektroni na tundu lake vimetenganishwa na atomu nyingi. Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1952 Evgeny Gross na Karryev, nao wakiwa Leningrad, walipoza fuwele ya oksidi ya shaba, Cu2O, wakaona msururu wa mistari ya ufyonzaji iliyofuata kanuni ileile ya haidrojeni: mistari hukaribiana kadiri nishati inavyosogelea ukingo wa pengo lililo kati ya kanda mbili za nishati. Mwaka 2014 watafiti wa Dortmund waliufuata msururu huo katika fuwele asilia ya madini hayohayo hadi ngazi ya 25, ambako eksitoni moja ina kipenyo cha takriban mikromita 2. Hiyo ni jozi yenye upana wa maelfu ya atomu.

Msururu kama huo hauachi nafasi ya ubishi. Tatizo ni kwamba vitu vingi havitoi msururu. Hutoa kilele kimoja tu kwenye spektra, na kilele kimoja, hata kiwe kirefu na chembamba kiasi gani, hakithibitishi kwamba kuna jozi iliyofungamana. Huenda kikawa ni ukingo tu wa eneo ambalo elektroni na tundu viko huru kabisa. Swali la jinsi ya kutofautisha hali hizo mbili ndilo lililoongoza utafiti wa eksitoni katika vitu vya mwelekeo mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Majibu yake yamefunua tabia ya elektroni ambayo vitabu vya semikonda havikuitarajia.

Mwelekeo mmoja, na somo la neli za kaboni

Katika bonge la fuwele, elektroni na tundu vina nafasi ya kukwepana. Kwenye uzi mwembamba havina. Vikisogeleana, lazima vikutane. Tena, sehemu kubwa ya uga wa umeme unaoviunganisha hupita nje ya uzi, mahali ambapo hakuna elektroni nyingine za kuudhoofisha. Mwaka 1959 Rodney Loudon alikokotoa atomu ya haidrojeni ya mwelekeo mmoja na kupata jibu la kushangaza: uzi ukifanywa mwembamba bila kikomo, nishati ya kufungamana ya hali ya chini kabisa huongezeka bila kikomo. Uzi halisi una unene, hivyo nishati hiyo ina kikomo, lakini funzo linabaki palepale. Unene ukipungua, mvuto hupata nguvu.

Neli za kaboni ndizo zilizotoa jaribio safi kuliko yote. Tsuneya Ando alitabiri mwaka 1997 kwamba mwanga wa neli hizo ungetawaliwa na eksitoni. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa vilele vilivyopimwa viliendelea kusomwa kana kwamba elektroni na tundu vilikuwa huru. Mwaka 2005 Feng Wang, Gordana Dukovic, Louis Brus na Tony Heinz walitumia hila ya fotoni mbili. Nadharia ya kwanta inazigawa hali za jozi katika makundi mawili kwa ulinganifu wake: hali witiri, ambazo taswira yake ya kioo hugeuza alama, na hali shufwa, ambazo haigeuzi. Fotoni moja inaweza kuamsha kundi moja tu. Fotoni mbili zikimezwa kwa pamoja huamsha kundi la pili, ambalo fotoni moja haiwezi kulifikia.

Hila hiyo ina nguvu kwa sababu hii. Kama jozi ingekuwa huru, makundi yote mawili yangeanzia nishati ileile, na vipimo viwili vingelingana. Kama jozi imefungamana, hali ya chini kabisa ni ya kundi moja, na ya kundi la pili iko juu yake kwa kiasi kikubwa, kama ngazi za haidrojeni zilivyo. Wang na wenzake walimulika neli kwa leza ya infraredi, wakasubiri fotoni mbili zimezwe kwa pamoja, kisha wakapima mwanga uliotoka. Mwanga ulitoka kwenye nishati ya chini sana kuliko ile iliyoingia. Kwa neli zenye kipenyo cha karibu nanomita 0.8, nishati ya kufungamana ilikuwa takriban 0.4 eV. Joto la kawaida la chumba lina nishati ya kama 0.025 eV tu, kwa hiyo jozi hizo hazivunjwi na joto hilo. Ni nishati kubwa mara nne hivi kuliko ile ya Cu2O, ambayo ni karibu 0.1 eV, na Cu2O yenyewe huhesabiwa kuwa na eksitoni imara.

Vihami ambavyo havikupaswa kuwa vihami

Neli ya kaboni, pamoja na upekee wake wote, bado ni semikonda. Ina kanda zake, na pengo lake linatokana na mpangilio wa atomu. Kuna familia nyingine ya fuwele ambayo hesabu ya kanda inasema ni metali, lakini kwa kweli hazipitishi umeme. Mwaka 1937 Jan de Boer na Evert Verwey walionyesha kasoro hiyo katika oksidi ya nikeli na oksidi nyinginezo. Rudolf Peierls alipendekeza sababu, na Nevill Mott akaiendeleza: elektroni husukumana. Kila atomu ikiwa na elektroni moja ya nje, elektroni haihamii kwa jirani kwa sababu kule tayari kuna nyingine, na kuziweka mbili pahala pamoja kunagharimu nishati kubwa. Gharama hiyo huandikwa U. Uwezo wa elektroni kuruka kutoka atomu moja hadi jirani huandikwa t. U ikiizidi t kwa mbali, kila elektroni hukaa ilipo, na fuwele huwa kihami cha Mott. John Hubbard aliiweka picha hiyo katika mlinganyo mwaka 1963, na mwaka 1968 Elliott Lieb na F. Y. Wu walipata jibu lake kamili kwa mnyororo mmoja. Kwa bapa na kwa bonge, jibu kamili halijapatikana hadi leo. Hiyo ni sababu moja kubwa ya minyororo kupendwa na wanafizikia: hapo nadharia na kipimo vinaweza kukabiliana bila visingizio.

Mwanga unapoangukia kihami cha Mott, elektroni moja husukumwa kwa jirani. Atomu iliyoachwa haina elektroni ya nje, na iliyopokea ina mbili. Ya kwanza huitwa holoni, ya pili dubloni. Holoni ina chaji chanya ikilinganishwa na majirani, na dubloni ina chaji hasi. Ni jozi ya chanya na hasi tena, kwa hiyo ni jozi inayoweza kuwa eksitoni. Tofauti ni kwamba sasa elektroni na tundu havisafiri kwenye kanda zilizo tupu. Husafiri katikati ya umati wa elektroni nyingine, ambazo kila moja ina spini yake inayoelekea juu au chini.

Fuwele mbili hutajwa mara kwa mara katika somo hili. Ya kwanza ni Sr2CuO3, oksidi yenye minyororo iliyonyooka ya shaba na oksijeni. Shaba moja iko nanomita 0.39 kutoka kwa nyingine, na minyororo imetenganishwa na strontiamu kiasi kwamba karibu haiwasiliani. Upimaji wa sumaku unaonyesha utengano huo kwa uwazi wa ajabu. Nguvu inayolazimisha spini za majirani kuelekea pande tofauti ni sawa na joto la zaidi ya kelvini 2,000, lakini fuwele nzima haipati mpangilio wa sumaku hadi ipozwe kufikia kelvini 5 hivi. Ndani ya mnyororo spini zinashikana kwa nguvu kubwa, na kati ya mnyororo na mnyororo hakuna linalosikika. Ya pili ni familia ya minyororo ya nikeli iliyounganishwa na halojeni, ambamo ioni za nikeli na za bromini au klorini hupokezana mstari mmoja, na molekuli za ogani hushikilia nikeli kutoka pembeni.

Wataalamu huongeza tahadhari moja hapa. Katika fuwele zote mbili, elektroni inayoruka haitoki kwenye atomu ya metali bali kwenye oksijeni au halojeni iliyo kati. Hata hivyo, tundu linaloachwa hapo hushikamana na spini ya metali ya jirani na kutenda kama holoni. Hivyo picha rahisi ya U na t inabaki na thamani yake, mradi namba zake zisomwe kwa uangalifu.

Spini huachwa nyuma

Tukio la ndani ya mnyororo linafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Chukua atomu sita mfululizo zenye spini juu, chini, juu, chini, juu, chini. Ondoa elektroni ya nne, yenye spini chini. Sasa tundu limekaa kati ya majirani wawili ambao wote wanaelekea juu. Elektroni ya tano iruke iingie kwenye tundu. Tundu limesogea nafasi moja kulia, na sasa upande wake wa kushoto kuna spini juu na wa kulia kuna spini chini, kama inavyotakiwa. Kasoro haijatoweka. Imebaki nyuma, nafasi ya tatu na ya nne, ambako spini mbili zinazoelekea juu zimekaa pamoja. Elektroni ya sita nayo iruke. Tundu limesogea tena, na hakuna kasoro mpya iliyozaliwa. Kutoka hapo tundu linaweza kwenda mbali litakavyo bila gharama yoyote ya sumaku.

Kilichotokea ni kwamba tundu moja limegawanyika. Chaji imekwenda na holoni, na spini imebaki na ile kasoro, inayoitwa spinoni. Kila moja ina mwendo wake. Mwaka 1996 timu ya Stanford iliona dalili za utengano huo kwa kupima elektroni zilizong'olewa na mwanga kutoka SrCuO2, ndugu wa karibu wa Sr2CuO3. Mwaka 2012 kundi lililotumia mionzi ya eksi huko Uswisi, kwenye kituo cha Swiss Light Source, lilionyesha ndani ya Sr2CuO3 kwamba hata mzunguko wa elektroni kwenye obiti yake unaweza kutengana na spini.

Kwenye bapa hali ni nyingine kabisa. Tundu likihama huacha nyuma yake mkia mzima wa spini zilizopinduka, na kila hatua inaongeza gharama. Holoni na dubloni zikitembea pamoja hugawana gharama hiyo, kwa hiyo sumaku yenyewe huwa gundi ya kuziunganisha. Kwenye mnyororo gundi hiyo haipo. Holoni na dubloni zikiachana, spini hazilalamiki. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi hukosewa katika maelezo ya haraka: kuwa na mwelekeo mmoja hakutoshi kuhakikisha eksitoni imara ndani ya kihami cha Mott. Mvuto wote unapaswa kutoka kwenye chaji peke yake.

Kiasi cha mvuto kinachohitajika kinaweza kuhesabiwa. Nguvu kati ya chaji za atomu jirani huandikwa V. Fabian Essler, Florian Gebhard na Eric Jeckelmann walichambua suala hili mwaka 2001, na pale U inapokuwa kubwa sana jibu ni fupi: jozi hufungamana ikiwa V inaizidi t mara mbili. Holoni na dubloni zilizo huru zina nishati kuanzia U ukiondoa 4t. Jozi iliyofungamana ina nishati ya U ukiondoa V, kisha ukiondoa tena mraba wa t mara nne uliogawanywa kwa V. Ichukuliwe t ni 0.4 eV. Mpaka wa kufungamana uko V ya 0.8 eV. V ikiwa 1.0 eV, jozi iko 1.64 eV chini ya U, na ukingo wa jozi huru uko 1.60 eV chini yake. Tofauti ni 0.04 eV, zaidi kidogo tu ya nishati ya joto la chumba. V ikipanda hadi 1.2 eV, tofauti inafika 0.13 eV. Ongezeko dogo la V limeibadilisha jozi dhaifu kuwa jozi imara.

Hesabu hiyo ina upande wake mgumu. V inapokuwa chini kidogo ya mpaka, bado spektra huonyesha kilele kikali kwenye ukingo, kwa sababu jozi huru huchelewa kuachana. Kwa macho, na hata kwa chombo kizuri cha kawaida, kilele hicho hakitofautiki na cha eksitoni. Kwa hiyo swali la mwanzo linarudi likiwa gumu zaidi kuliko lilivyokuwa kwa neli za kaboni.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni uakisi. Fuwele hizi humeza mwanga kwa nguvu sana, kiasi kwamba kipande kinene hakipitishi chochote. Kwa hiyo mtafiti hupima kiasi cha mwanga kinachorudi, kwa kila rangi kutoka infraredi hadi urujuanimno, kisha hutumia uhusiano wa Kramers na Kronig kukokotoa kilichomezwa. Mwanga ukipangwa mtetemo wake ufuate mnyororo wa Sr2CuO3, kilele kikubwa hujitokeza karibu na 1.8 eV, kwenye rangi nyekundu. Mtetemo ukigeuzwa uukate mnyororo, kilele hicho hakionekani. Kwenye mnyororo wa nikeli na bromini kilele kiko karibu na 1.3 eV, ndani ya infraredi, na ni chembamba zaidi. Kwa macho ya mtaalamu, wembamba huo ni dalili ya eksitoni. Bado ni dalili tu.

Mwaka 2000 Hideo Kishida, Hiroshi Okamoto na wenzao waliongeza uga wa umeme. Fuwele huwekwa kati ya elektrodi, uga wa makumi ya kilovolti kwa sentimita hutumika, na mabadiliko madogo ya uakisi hupimwa. Uga wa umeme huchanganya hali witiri na hali shufwa. Hali ambayo fotoni moja isingeweza kuifikia huazima mwanga kutoka kwa mwenzake, nayo huonekana. Katika minyororo ya nikeli mabadiliko yalikuwa makubwa kupita matarajio, na umbo lake halikufanana na la neli za kaboni wala la semikonda za kawaida. Hali witiri na hali shufwa za chini zilikuwa karibu mno kinishati, karibu kulingana.

Matokeo hayo yanaweza kuonekana kama yanakanusha kuwepo kwa eksitoni. Kwenye neli za kaboni, hali hizo kuwa mbali kinishati ndiko kulikothibitisha kufungamana, na hapa ziko pamoja. Maelezo yake yamo katika asili ya kihami cha Mott. Holoni na dubloni haziwezi kukaa kwenye atomu moja, wala haziwezi kupishana, kama watu wawili waliokutana uchochoroni usioruhusu hata mmoja kumpisha mwenzake. Kama dubloni ilikuwa kushoto, itabaki kushoto. Hali ya dubloni kushoto na ile ya dubloni kulia hazigusani, kwa hiyo kuziunganisha kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa hakubadilishi nishati. Ya kwanza ni shufwa, ya pili ni witiri, na zote mbili zinaweza kuwa zimefungamana. Kigezo kilekile kimetoa jibu la kinyume kwa sababu jozi yenyewe ni ya aina nyingine.

Ukaribu huo una matokeo ya vitendo. Nguvu ya kitu kubadili mwanga kwa mwanga mwingine hukua pale hali mbili zinazounganishwa kirahisi na uga wa umeme zinapokuwa jirani kinishati. Ndiyo maana makala ya Kishida na wenzake ilizungumzia athari kubwa mno isiyo ya mstari, yaani mwitikio usiolingana moja kwa moja na ukali wa mwanga. Mwaka huohuo 2000, vipimo vya Sr2CuO3 vilionyesha kwamba mabadiliko yanayosababishwa na leza hupona ndani ya pikosekunde chache, wakati semikonda nyingi huchukua nanosekunde. Kitu kinachobadilika sana na kupona haraka ndicho ambacho wahandisi wa mawasiliano ya nyuzi za mwanga hukitafuta kwa ajili ya swichi.

Swali la kufungamana lilijibiwa vizuri zaidi kwa njia ya tatu. Leza kali ikiangukia fuwele, fotoni tatu zinaweza kuungana na kutoa moja yenye nishati mara tatu. Mwangwi huo wa mwanga hukua ghafla pale fotoni mbili zinapolingana na hali shufwa, na pale tatu zinapolingana na hali witiri. Kwa kipimo kimoja, mtafiti huona makundi yote mawili, pamoja na eneo la jozi huru lililo juu yake. Mwaka 2005 Ono, Kishida na Okamoto walitumia mbinu hiyo kwa uakisi kwenye minyororo ya nikeli na halojeni, wakaziona eksitoni na eneo la jozi huru kila moja mahali pake. Minyororo ya oksidi ya shaba ni kesi ngumu zaidi: kilele chake ni kipana na kimeegemea ukingo, na athari ya kufungamana ni ndogo. Kusema kwamba Sr2CuO3 ina eksitoni kwa maana ileile ya nikeli ni kuuvuta ushahidi kuliko unavyoruhusu.

Thamani ya V katika oksidi za shaba ilizua mjadala mpya mwaka 2021. Timu ya Stanford ilitengeneza minyororo ya Ba2-xSrxCuO3 iliyoongezewa oksijeni ili kupunguza elektroni, ikapima elektroni zinazong'olewa na mwanga. Ili kueleza ilichokiona, ilihitaji kuweka mvuto kati ya matundu jirani wenye ukubwa unaokaribia t. Chaji za aina moja zinavutana. Hilo linapingana na V ya kusukumana inayofunga eksitoni, na maelezo yaliyopewa uzito ni kwamba mtetemo wa atomu za fuwele unaingilia kati. Minyororo iliyopunguzwa elektroni na ile isiyoguswa si kitu kimoja, na thamani iliyopimwa kwenye hali moja haipaswi kuhamishiwa nyingine bila uangalizi. Bado, matokeo hayo yameonya kwamba V si namba moja iliyoandikwa ndani ya fuwele. Ni jumla ya misukumano na mivutano mingi.

Molekuli za ogani na jozi za jozi

Fuwele iliyotoa ushahidi kamili zaidi haina metali kabisa. Ni ET-F2TCNQ, ambamo molekuli bapa za ogani zimepangana kwa safu, na kila molekuli ya ET imebaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Pengo lake ni dogo, karibu 0.7 eV, na atomu zake haziyumbi kwa namna ya kuficha mwendo wa chaji. Mwaka 2007 kundi la Okamoto lilionyesha kwamba mpigo wa leza unaweza kuigeuza kwa muda kutoka kihami kuwa metali, kama ilivyokuwa imeonekana kwenye mnyororo wa nikeli na bromini mwaka 2003. Holoni na dubloni zikiwa nyingi, kila moja hutembea huru, na uakisi wa infraredi hupanda kama wa metali.

Mwaka 2011 Simon Wall, Andrea Cavalleri na wenzao waliipiga fuwele hiyo kwa mipigo ya takriban femtosekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya pikosekunde. Mara tu baada ya mpigo, uakisi uliyumba juu na chini kwa kasi kubwa sana, kisha ukatulia. Waliusoma myumbo huo kama mwingiliano wa kwanta kati ya njia mbili: moja ambayo holoni na dubloni zimebaki jirani, nyingine ambayo zimeachana. Ilikuwa mara ya kwanza jozi ya Mott kuonekana ikiamua, ndani ya muda mfupi kuliko mtetemo wa atomu nyingi, kama itafungamana au la.

Kisha mwaka 2019 Miyamoto, Okamoto na wenzao waliunganisha mbinu zote. Badala ya elektrodi walitumia mpigo wa terahezi, ambao uga wake wa umeme ni mkali lakini hudumu muda mfupi mno kuweza kuunguza fuwele. Chini ya uga huo uakisi wa ET-F2TCNQ ulionyesha hali witiri na hali shufwa zilizojitenga waziwazi chini ya eneo la jozi huru. Mvuto unaofika mbali kuliko jirani wa kwanza ndio uliozishusha. Baada ya hapo waliamsha eksitoni ya chini kabisa kwa leza, wakapima tena, na kukuta ufyonzaji mpya ambao eksitoni moja haiwezi kuueleza. Holoni mbili na dubloni mbili zilikuwa zimefungamana pamoja kwenye mnyororo mmoja, kama atomu mbili za haidrojeni zinavyofanya molekuli.